Kwa nini anayetafuta mtoto huandikiwa vidonge vya majira

Paketi ilirudi dirishani kabla sijafunga daftari la mauzo.

"Dokta, umekosea. Mimi natafuta mtoto, wewe unanipa majira."

Alikuwa ameshuka kwenye meli ya Ukerewe asubuhi ile, akapitia kliniki, na sasa amesimama mbele ya duka letu la dawa hapa Mwanza mjini, karatasi ya daktari mkono mmoja, paketi mkono mwingine. Nikaisoma karatasi upya. Sikuwa nimekosea. Vidonge vya uzazi wa mpango vya kawaida kabisa, kimoja kila jioni, na tarehe ya kuacha imeandikwa na kupigiwa mstari. "Basi daktari ndiye kakosea," akasema, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akaguna kwa namna ya kumuunga mkono.

Jambo hili nimeliona mara nyingi kiasi kwamba halinishtui tena. Wengine hata hawarudi kuuliza. Paketi inaishia chooni au, mbaya zaidi, inaangukia mikononi mwa mama mkwe, na hapo ndoa inawekewa kikao. Swali lenyewe si la kijinga hata kidogo. Dawa ambayo wateja wangu wengi wanainunua ili wasishike mimba, inawezaje kuwa hatua ya kwanza ya kuishika?

Jibu limo ndani ya jina lenyewe. Wazee waliposema "tia saa majira" hawakuwa na maana ya kuizuia saa isitembee. Walimaanisha kuirekebisha, ianze kuhesabu kutoka pale unapotaka. Aliyeviita vidonge hivi vya majira alilenga hasa. Ni sisi tuliolibana jina hilo mpaka likabaki na maana moja tu ya kuzuia.

Tuanze na mwezi wa kawaida, usio na dawa. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo mfano wa punje ya njegere, inaitwa pituitari. Mwanzoni mwa mzunguko inamwaga homoni inayojulikana kwa kifupi kama FSH, ambayo kazi yake ni kuamsha vifuko vya mayai kwenye ovari. Vifuko kadhaa vinaanza kukua, na kwa kawaida kimoja kinawapita wenzake. Kadiri kinavyokua ndivyo kinavyotengeneza estradioli, estrojeni kuu ya mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Estradioli hiyo inatumwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Inashuka kwenye mji wa mimba na kuunenepesha utando wa ndani, ule ambao mimba itajishikiza. Na inapanda ubongoni kupeleka taarifa: huku tayari kuna yai linakua, punguzeni FSH.

Wavuvi wa dagaa wa Igombe na Kayenze watanielewa upesi. Usiku wa giza wanawasha taa, dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa unamezwa, mitumbwi inabaki ufukweni na watu wanashona nyavu. Pituitari ndiyo huyo mvuvi, na estrojeni ndiyo mwezi. Mwezi ukiwaka kila usiku, mvuvi haingii ziwani, na asipoingia hakuna yai linalopevuka. Kidonge cha majira ni mbalamwezi ya kutengenezwa, inayowaka siku 21 mfululizo. Vile vidonge saba vya rangi ya udongo kwenye paketi nyingi zinazouzwa hapa havina homoni yoyote, ni madini ya chuma tu. Na damu inayotoka siku hizo si hedhi hasa. Ni utando unaodondoka kwa sababu homoni imekatika.

Mfano wangu unavunjika mahali pamoja. Estradioli ya mwilini ikipanda mpaka karibu pikogramu 200 kwa mililita ya damu na ikakaa hapo takriban siku mbili, ubongo unageuza msimamo. Badala ya kutulia unamwaga homoni nyingine, LH, kwa kishindo, na kama siku moja na nusu baadaye yai linachomoka. Homoni ni ileile, ila kiasi na muda vimebadilika, na majibu yamepinduka. Sijapata mfano wa ziwani unaoweza kubeba hilo. Ndiyo maana ndani ya kidonge estrojeni haiachwi peke yake, inaunganishwa na projestini, yaani homoni ya kutengenezwa inayoiga projesteroni, ile homoni ya mwili inayoilea mimba, kwa mfano levonojestreli, ambayo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi ya kuuzuia huo mshindo wa LH. Estrojeni inaibana FSH na kuushikilia utando usivuje damu ovyo.

Sasa kwa nini estrojeni itengenezwe kiwandani? Kwa nini tusimeze ile ya asili? Tatizo ni ini. Estradioli ukiimeza inapita kwenye ini kabla haijafika popote, na ini linaivunja kiasi kwamba takriban asilimia 5 tu ndiyo inayoingia kwenye damu ikiwa nzima. Mwaka 1938, Hans Herloff Inhoffen na Walter Hohlweg wa kampuni ya Schering mjini Berlin walipata ufumbuzi. Homoni hizi zote zimejengwa juu ya kiunzi cha pete nne za kaboni, na hicho kiunzi ndicho kinachoitwa steroidi. (Watu wengi wakisikia steroidi wanawafikiria wanyanyua vyuma. Kiunzi ni kilekile, lakini kilichopachikwa juu yake ndicho kinachoamua kama utaota ndevu au matiti.) Kwenye kaboni ya 17 ya estradioli walipachika kipande kidogo, jozi ya kaboni, mfano wa komeo mlangoni. Ini likawa haliwezi kuivunja kirahisi. Dawa hiyo ikaitwa ethinilestradioli, na mpaka leo ndiyo iliyomo katika vidonge vingi vya majira duniani. Kidonge kimoja kina mikrogramu 20 hadi 35. Estradioli ya kawaida ya kumeza inapimwa kwa miligramu, yaani maelfu ya mikrogramu.

Hila hii ya kaboni ya 17 ipo ziwani kwetu pia, kwenye ufugaji wa sato. Mafundi wa kuzalisha vifaranga wanawalisha chakula chenye methilitestosteroni, mara nyingi miligramu 60 kwa kilo ya chakula kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo, ili karibu wote wawe madume na wakue haraka bila kupoteza nguvu kwenye kuzaa. Ile "methili" nayo imepachikwa palepale kwenye kaboni ya 17, kwa sababu ileile, homoni isiharibiwe ikishamezwa.

Ukaidi huo una gharama yake. Kati ya 2001 na 2003 watafiti wa Kanada walitia ethinilestradioli kwenye ziwa dogo la majaribio linaloitwa Ziwa 260, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Madume wa samaki wadogo wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na samaki hao wakakaribia kutoweka kabisa ziwani humo. Hilo ni suala la wanaosafisha majitaka, si la mwanamke aliyeandikiwa dawa, lakini linakupa picha ya nguvu iliyomo ndani ya kidonge kinachotoshea ncha ya kidole.

Majira na utasa vilikutana zamani kuliko watu wanavyodhani. Kidonge chenyewe kilizaliwa kwenye kliniki ya watu waliokosa watoto. Mapema miaka ya 1950, daktari John Rock wa Boston, Mkatoliki wa kanisani kila siku, aliwapa wanawake 80 waliokuwa wakitafuta watoto estrojeni na projesteroni kwa miezi kadhaa. Alitaka kuvipumzisha vizazi vyao, akidhani vingeamka na nguvu mpya. Baada ya kuacha dawa, 13 kati yao walishika mimba ndani ya miezi michache. Rock akashirikiana na mwanasayansi Gregory Pincus, aliyekuwa akitafuta kinyume chake kabisa, na kutokana na ushirikiano huo kikaja kidonge cha Enovid. Marekani ilikiruhusu mwaka 1957 kwa matatizo ya hedhi, na mwaka 1960 kwa kuzuia mimba. Hata estrojeni iliyokuwa ndani yake iliingia kwa bahati. Projestini waliyoitumia mwanzoni ilikuwa imechanganyika na masalia ya mestranoli bila wao kujua. Walipoyaondoa wanawake wakaanza kutokwa damu katikati ya mwezi, basi yakarudishwa kwa makusudi. Mestranoli si mgeni sana kwetu. Ikifika kwenye ini inageuzwa kuwa ethinilestradioli.

Lakini tusikimbilie kusema majira yanaongeza uzazi. Wanawake 13 kati ya 80, bila kundi la kulinganisha, si ushahidi. Huenda baadhi yao wangeshika mimba hata bila dawa. Imani ya mtaani kwamba "ukinywa majira miezi mitatu ukaacha, unanasa papo hapo" ni mjukuu wa matumaini yaleyale ya Rock, na mimi simuuzii mtu dawa kwa ajili yake. Kinyume chake, ile imani kwamba majira yanaharibu kizazi nayo haina mashiko. Wengi wanaoacha vidonge wanashika mimba ndani ya mwaka kama wengine. Kinachochelewesha ni sindano ya miezi mitatu, ambayo haina estrojeni kabisa. Baada yake inaweza kupita miezi tisa, kumi au zaidi. Mitaani sindano na vidonge vyote vinaitwa "uzazi wa mpango", basi kosa la mmoja linabebeshwa wote.

Matumizi ya leo ni mengine, na hapa ndipo mama wa Ukerewe anapoingia. Mirija yake yote miwili imeziba. Yeye na mumewe wamejinyima, wakauza na mtumbwi mmoja, ili waende Dar es Salaam kutungishiwa mimba nje ya mwili. Kliniki ya namna hiyo haiwezi kungoja hedhi ije inapotaka. Kuna maabara ya kuandaa, wataalamu, wagonjwa wengine, na sindano za kukuza mayai zinazochomwa kila siku kwa siku nane hadi kumi na mbili hivi. Kwa hiyo wanamtia majira. Kidonge kinamlaza mvuvi ufukweni, vifuko vya mayai vinasubiri pamoja bila mmoja kuwatangulia wenzake, na siku ya kuacha inajulikana tangu mwanzo. Akiacha, damu inatoka, sindano zinaanza. Si kila daktari anaipenda njia hii. Kwa baadhi ya mipango ya sindano, uchambuzi wa tafiti umeonyesha wanaotanguliziwa vidonge wanapata watoto kwa kiwango kidogo zaidi. Ndiyo maana muda hufupishwa, au vidonge huachwa kabisa. Hilo ni swali halali la kumuuliza daktari wako, na asikasirike.

Baadaye katika safari hiyohiyo anaweza kukutana na estrojeni ya namna nyingine, na hapa watu wanachanganya zaidi. Viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kukua, vikigandishwa na kurudishwa mwezi mwingine, utando wa mji wa mimba lazima utayarishwe. Kazi hiyo haifanywi na ethinilestradioli. Inafanywa na estradioli valerati, ambayo imetengenezwa kiwandani pia, ila kilichopachikwa kwenye kaboni yake ya 17 ni mkia wa asidi ambao mwili unaukata, na kinachobaki kwenye damu ni estradioli ileile ya asili. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 6 kwa siku, kwa wiki mbili hivi. Kisha altrasaundi inapima unene wa utando, na wengi wanataka ufikie milimita 7 au zaidi. Hapo ndipo projesteroni inaongezwa, na kiinitete cha siku tano kinawekwa baada ya siku tano kamili za projesteroni. Mwaka 1984 madaktari wa Melbourne, Australia, waliripoti mimba ya mwanamke ambaye ovari zake zilikuwa zimeacha kazi kabisa. Yai lilikuwa la mwingine, utando ukatayarishwa kwa estradioli valerati na projesteroni, na mimba ikakaa.

Kwa nini hii na si ile? Kwanza, ethinilestradioli inalisukuma ini litengeneze kwa wingi protini zinazogandisha damu, na hatari ya damu kuganda kwenye mishipa inapanda zaidi kuliko kwa estradioli ya asili. Pili, ethinilestradioli haionekani vizuri kwenye kipimo cha estradioli cha maabara. Mwanamke anayemeza majira anapimwa na kuambiwa estrojeni yake iko chini, wakati damu yake imejaa nguvu ya estrojeni. Nimeona watu wakiandikiwa dawa zaidi kwa sababu ya karatasi ya namna hiyo.

Katika mzunguko wa kutayarishwa kwa dawa hakuna yai lililochomoka, hivyo hakuna ile tezi ya muda inayobaki kwenye ovari na kuilisha mimba homoni mpaka kondo la nyuma lianze kujitegemea. Dawa ndiyo hiyo tezi. Kipimo cha mimba kikisoma mistari miwili, estradioli na projesteroni zinaendelea, kwa kawaida mpaka wiki ya kumi au ya kumi na mbili. Kuna wanaofurahi, wakasikia kwa jirani kwamba mjamzito hanywi homoni, wakaacha. Tafadhali, asiache mtu bila kuambiwa na aliyemwandikia.

Jirani huyo hakuyatoa maneno yake hewani, lakini kisa chake kinahusu dawa nyingine. Mwaka 1938, mwaka uleule wa Inhoffen, Charles Dodds wa London alitengeneza diethilistilbestroli, inayojulikana kama DES. Ilifanya kazi kama estrojeni ingawa haikuwa na kile kiunzi cha steroidi hata kidogo. Ilikuwa ya bei rahisi, basi ikagawiwa kwa wajawazito wengi, hasa Marekani, kwa imani kwamba inalinda mimba isitoke. Mwaka 1953 jaribio lililofanyika Chicago lilionyesha haisaidii. Waliendelea kuitoa. Mwaka 1971 daktari Arthur Herbst na wenzake wakaihusisha na saratani adimu ya uke kwa mabinti waliokuwa tumboni wakati mama zao wanaimeza. Miaka kumi na minane ilipita kati ya kujua haifai na kujua inaua. Dawa hiyo na estradioli valerati ni vitu viwili tofauti, lakini jina "estrojeni" linabeba doa la yote.

Klomifeni, vidonge vya kupevusha mayai ambavyo wengi huku kwetu wanaviulizia kwa jina la Clomid, viko upande mwingine kabisa. Hivyo vinafunika macho ya ubongo usiione estrojeni, mvuvi akadhani ni giza na kwenda ziwani kwa pupa. Ubaya wake ni kwamba vinafunika na mji wa mimba pia, utando ukabaki mwembamba na ute wa mlango wa kizazi ukakauka. Madaktari walijaribu kuongeza ethinilestradioli kidogo baada yake ili kuziba pengo hilo. Siku hizi, kwa wenye vifuko vingi kwenye ovari, letrozoli ndiyo inayotangulizwa, na tatizo hilo la utando ni dogo kwake.

Ninapompa mtu estrojeni yoyote ninauliza maswali yanayowaudhi. Je, presha iko juu? Amewahi kuvimba mguu mmoja kwa damu kuganda? Anaumwa kichwa cha upande mmoja kinachotanguliwa na mwanga machoni? Anavuta sigara na amepita miaka 35? Anameza dawa za kifua kikuu? Rifampisini inalifanya ini kuivunja ethinilestradioli kwa kasi, na baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini na kabamazepini, zinafanya vivyo hivyo.

Na ninauliza kuhusu mume. Mpaka leo sijazoea kuona mwanamke amezunguka miaka minne, amenyweshwa mizizi ya kusafisha kizazi, amepimwa homoni mara tatu, huku mwanaume hajawahi kupeleka kikopo cha mbegu maabara. Estrojeni haizibui mirija iliyozibwa na kisonono au klamidia. Haitibu kichocho cha mkojo, ambacho vijijini Misungwi na Kwimba kinaweza kufika mpaka kwenye viungo vya uzazi na kuvijeruhi. Na haiongezi mbegu za mtu mwingine.

Yule mama alisikiliza yote, kwa kifupi kuliko nilivyoandika hapa, maana foleni ilikuwa ndefu. Akafikiri.

"Kwa hiyo wananizima, ili waniwashe siku wanayotaka wao."

Nikamwambia ndiyo, kama jenereta. Akaichukua paketi, akaigeuza, akasoma maneno ya kwenye boksi, akanirudishia boksi na kubaki na vidonge.

"Weka kwenye bahasha. Nyumbani yupo mama mkwe, na anajua kusoma."

Nikavitia kwenye bahasha ya kaki. Juu yake nikaandika tarehe ya kuanza, saa mbili usiku, na tarehe ya kuacha.